Ndago kwenye bustani za Dodoma: ichoshe wakati wa mvua, ikaushe kiangazi

Nyasi zimekatwa Jumamosi, ziko sawa kama mkeka. Jumatatu jioni kuna majani membamba yanayong'aa, yamechomoza juu ya mengine kwa vidole viwili. Ukiyang'oa, Jumamosi ijayo yapo palepale. Hiyo ni ndago, na wengi huishughulikia kama jani lolote, kwa jembe na panga, ndiyo maana inawashinda. Ndago si ya ukoo wa nyasi. Ndugu yake ni mafunjo, yale ya mabwawani. Mali yake yote iko chini ya udongo, kwenye viazi vidogo vyeusi ukubwa wa punje ya njugu. Majani ya juu kazi yake ni kuvilisha viazi hivyo, na kama viazi havijaguswa, hujafanya kitu hata kama bustani inaonekana safi.

Ishike kwanza, ndipo uihukumu

Chukua shina lenye ua, lizungushe kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Shina la nyasi ni mviringo na huzunguka bila shida. La ndago lina pembe tatu, linakwama kwenye kingo zake. Likate kwa wembe: ndani limejaa, halina tundu, na kutoka chini hadi juu halina kifundo hata kimoja. Kisha iangalie kutoka juu. Majani ya nyasi hupangika pande mbili, ya ndago hutoka pande tatu. Mche mchanga ambao bado hauna shina la ua utaujua kwa mpangilio huo huo wa majani, na kwa mng'ao wake kama uliopakwa nta.

Halafu chimba mmoja, usiung'oe. Ukivuta kwa mkono, kamba nyembamba inayoushika kwenye kiazi hukatika, mkononi unabaki na majani na vijizizi vyeupe, nawe unaondoka ukisema hii haina viazi. Weka jembe la uma sentimita 20 kutoka kwenye shina, zamisha hadi 25 au 30, nyanyua bonge lote na uliloweke kwenye ndoo ya maji. Udongo ukishajitenga utaona kitu kama tasbihi iliyofungwa hovyo: kiazi, kamba, kiazi kingine, kamba, kingine.

Ukiona mnyororo namna hiyo, na viazi ni virefu kidogo visivyo na umbo maalumu, vimekwaruzika, vyenye magamba ya kahawia na harufu kali ya dawa, una ndago ya zambarau, ambayo wataalamu huiita *Cyperus rotundus*. Maua yake ni ya kahawia yenye wekundu, na ncha ya jani lake hukoma ghafla. Ndago ya njano, *Cyperus esculentus*, ina maua rangi ya majani makavu, na jani lake huchongoka polepole hadi ncha ndefu. Kiazi chake ni duara, laini, kinakaa kimoja kimoja mwisho wa kila kamba, na ni kitamu. Kuna nchi wanaokilima na kukila. Ya zambarau ni chungu. Usionje kiazi cha mahali palipowahi kupulizwa dawa.

Tofauti hiyo si ya kujifurahisha. Ya zambarau huchukia kukauka, na viazi vyake hufa vikipoteza maji. Ya njano huvumilia zaidi. Tena baadhi ya dawa zinazoitikisa moja haziigusi nyingine. Maelezo yanayofuata ni ya ndago ya zambarau, na pale ambapo ya njano inataka mkono mwingine tumesema.

Kosa la jembe

Katika mnyororo mmoja, kiazi cha mbele kikichipua huwazuia wenzake wa nyuma kuchipua. Wanalala tu, wakisubiri. Sasa njoo na jembe mwezi Januari, udongo ukiwa na unyevu, ukatekate mnyororo vipande sita. Umewaamsha wote sita kwa siku moja, na kila kimoja kina macho kadhaa ya kuchipulia. Ulipokuwa na mche mmoja, baada ya wiki tatu una sita au kumi, na reki imeshavisambaza hadi kwenye tuta la waridi. Mashine ya kulimia hufanya hayo hayo kwa kasi kubwa zaidi. Kiazi kimoja kilichoachwa kwenye udongo mzuri wenye maji kinaweza kuwa na uzao wa karibu viazi 100 kwa miezi mitatu.

Mbegu za juu zisikutishe. Ndago ya zambarau ni nadra kuota kwa mbegu. Inaenea kwa viazi, na viazi hubebwa na watu.

Desemba hadi Aprili: ichoshe

Mche mpya ukitoka ardhini unakula akiba ya kiazi. Mche wa kwanza hutumia kiasi cha asilimia 60 ya akiba hiyo, wa pili kiasi cha 20. Baada ya hapo vinavyochipua ni dhaifu, majani yake ni membamba na yamepauka. Ila mche ukifikisha majani matano au sita, hesabu inageuka: unaacha kula akiba, unaanza kuilipa, na muda si mrefu unatengeneza viazi vipya. Dirisha lako la kazi ni hapo katikati.

Kwa hiyo hesabu majani, si wiki. Kwa joto na mvua za Dodoma majani matano hufika kwa siku 14 hivi, pengine pungufu Januari. Kila baada ya wiki mbili pita bustani yote, kata kila mche kwa kisu au kijembe, sentimita mbili tatu chini ya uso wa udongo. Usichimbe ndani zaidi, maana lengo ni kukata shingo huku mnyororo ukibaki mzima. Ukiruka zamu moja, wiki nne zikapita, viazi vimeshalipwa na umeanza upya. Hapa ndipo wengi huanguka: wanafanya kazi nzuri Desemba na Januari, Februari mvua inakatika kidogo, ndago inaonekana imetulia, wanapumzika, na mvua ya Machi inawarudishia yote.

Mche mmoja mmoja uliojitenga, kwa mfano ulioletwa na mche wa maua wiki chache zilizopita, huo uchimbe kabisa. Zungushia duara la upana wa sentimita 25, shuka 30, toa bonge zima uliweke kwenye toroli. Lipitishe kwenye chekeche ile ya mafundi ya mchanga wa plasta. Viazi vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi vinapita kwenye wavu mpana. Usitupe ulichokipata kwenye shimo la mboji, kitaishi. Kimwage juu ya bati lililo juani kwa wiki mbili, kisha choma.

Kivuli nacho ni silaha. Ndago inataka jua kamili. Ikifunikwa inadhoofika na kuzaa viazi vichache. Sehemu iliyo wazi kati ya miche ya maua ipande kitu kinachotambaa haraka: viazi vitamu (marando yake yanafunga ardhi vizuri), kunde au fiwi. Hazitaimaliza, lakini zitakupunguzia mizunguko ya kisu.

Juni hadi Oktoba: ikaushe

Dodoma ina jambo ambalo bustani za Dar es Salaam au Bukoba hazina: miezi sita na zaidi bila mvua, jua kali na upepo mkavu. Kwa ndago ya zambarau hakuna dawa ya dukani inayofikia hilo, na ni bure. Tatizo ni mpira wa maji. Tunamwagilia kiangazi chote ili nyasi zisife, na maji hayo hayo ndiyo yanayoilea ndago hadi mvua zijazo.

Kwa kipande kilichoshambuliwa sana, fanya uamuzi mgumu: kitoe kwenye ratiba ya maji msimu mzima. Mwisho wa Mei, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo wa kulainisha jembe, lima hadi sentimita 25 au 30. Viazi vingi viko sentimita 15 za juu, lakini vichache hushuka zaidi. Sasa jembe lile lile lililokuwa adui Januari linakuwa rafiki: minyororo ikikatika kwenye udongo unaokauka, viazi havina maji ya kuchipulia, vinabaki juani vikisinyaa. Acha wiki tatu. Geuza tena ili vilivyokuwa chini vije juu. Rudia mara tatu au nne hadi Oktoba.

Udongo mwekundu wa kichanga, kama wa maeneo mengi ya mjini, hukauka upesi. Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Unatoka kwa mabonge makubwa kama matofali, juu yamekauka kama mwamba, katikati yana unyevu, na kiazi kimejificha humo kikiwa salama. Yavunje kwa nyundo au kisigino cha jembe hadi yawe saizi ya ngumi ya mtoto au chini ya hapo, la sivyo kazi ni bure.

Kujua kama imeshakufa, okota viazi kumi kutoka kina tofauti, vikate kwa wembe. Kilicho hai ni cheupe ndani na kina majimaji. Kilichokufa ni kahawia, kigumu au kimekuwa unga. Kama huna uhakika, vitie kwenye kopo la mchanga wenye unyevu, viweke mahali pa joto, angalia baada ya wiki tatu.

Miti na maua ya gharama yaliyomo ndani ya eneo hilo usiyaache yafe. Yanyweshe peke yake kwa chupa iliyotobolewa kando ya shina, maji yashuke kwenye mizizi bila kulowesha eneo zima. Kuzunguka shina, kwa upana wa mita moja, usilime, tumia kisu.

Kama kipande ni kidogo na ndago ni ya njano, fanya kinyume: kiloweshe vizuri Septemba, kifunike kwa nailoni angavu isiyo na tundu, kingo uzizike kwenye mfereji wa sentimita 15, uache wiki sita hadi nane za joto la Oktoba na Novemba. Iwe angavu, si nyeusi. Chipukizi la ndago lina ncha kama sindano na gizani linaendelea kusukuma likiwa limefungwa, hivyo hutoboa nailoni nyeusi na kupita. Chini ya nailoni angavu linaona mwanga, linafungua majani mapema, linakwama na kuungua. Viazi vya chini kabisa vinaweza kupona. Kisu bado kitahitajika.

Wenye nguruwe wana msaidizi: mwachie kwenye kipande kilichozungushiwa uzio, atachimba na kula viazi vyenyewe. Mbuzi anakula majani tu, na ndago inamshukuru kama inavyoshukuru mashine ya kukatia nyasi.

Dawa, kwa wanaoihitaji

Dawa nyingi za magugu huchoma juu tu. Parakwati hukausha majani kwa siku mbili, unafurahi, na baada ya wiki mbili yamerudi. 2,4-D hukunja majani yake kidogo, haimalizi kiazi. Glaifoseti ndiyo inayoshuka hadi kwenye kiazi, lakini kile tu kilicho na majani hai juu yake. Vilivyolala kwenye mnyororo havipati kitu. Kwa sababu hiyo usitegemee mpulizo mmoja. Panga miwili hadi mitatu kwa msimu, kila mara miche mipya ikishatoa majani matano hadi nane na kabla ya ua.

Kibandiko cha chupa uliyonunua ndicho cha kufuata. Kwa dawa zenye gramu 360 za glaifoseti kwa lita, ndago kwa kawaida hutaka mchanganyiko wa asilimia 1.5 hadi 2, yaani mililita 225 hadi 300 kwenye bomba la lita 15. Nunua kwenye duka lenye kibali, chupa ikiwa na lakiri na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Hapa Dodoma dawa hii hushindwa kwa sababu mbili zisizo za dawa. Ya kwanza ni maji. Maji ya visima vyetu vingi ni magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe kwenye birika. Chokaa iliyomo huifunga glaifoseti kabla haijafika kwenye jani. Weka mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwanza, gramu 150 hadi 300 kwenye lita 15, koroga iyeyuke yote, chuja kwa kitambaa isizibe nozeli, ndipo uweke dawa. Maji ya mvua uliyokinga ni bora zaidi. Maji yenye tope usiyaguse, udongo nao huifunga dawa. Sababu ya pili ni vumbi. Jani la ndago kando ya barabara isiyo na lami limevaa vumbi kiasi kwamba dawa inaishia humo. Lioshe kwa maji siku moja kabla, pulizia kesho yake likiwa limekauka.

Puliza asubuhi mapema kabla ya upepo, siku ambayo mvua haitarajiwi kwa saa sita. Usikate wala kulima kwa siku saba baadaye. Na kama jirani ana zabibu, kama ilivyo kawaida Hombolo, Mpunguzi au Makutupora, kuwa mwangalifu mara mbili: mzabibu huumia vibaya kwa 2,4-D hata kwa mvuke wake mdogo, na glaifoseti ikigusa majani yake huharibu pia. Kwenye mpaka wa shamba la zabibu tumia kisu. Vaa buti, glavu na barakoa, na chupa tupu itoboe. Isije ikawa ya maji au mafuta ya kula ya mtu.

Ndago ndani ya nyasi nzuri haipulizwi glaifoseti, utabaki na vipara. Acha nyasi siku tatu bila kukata ili ndago izipite kwa urefu. Vaa glavu ya mpira, juu yake glavu ya kitambaa, ichovye kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji, ikamue isichuruzike, kisha paka majani ya ndago kutoka chini kwenda juu, shada moja moja. Kazi ya kuinama, ndiyo, lakini nyasi zinabaki. Dawa za halosulfuroni hubagua, zinaiua ndago na kuacha ukoka. Ukizipata zimesajiliwa, fuata kipimo chake kidogo cha gramu, usikate nyasi siku mbili kabla na mbili baada, na usitegemee kuona kitu kabla ya wiki mbili hadi nne. Kwenye tuta la maua usizipeleke bila kusoma kibandiko kama kinaruhusu maua hayo. Tena acha kunyoa nyasi hadi ardhi ionekane. Nyasi fupi na chache ni jua la bure kwa ndago. Na ikiwa zaidi ya theluthi ya eneo la nyasi imeshakuwa ndago, ushauri wetu ni kung'oa zote, kukausha kiangazi kizima, na kupanda upya. Kubembeleza hapo ni kupoteza fedha.

Inakoingilia

Nyumba nyingi mpya za Iyumbu, Mtumba au Nzuguni huanza bustani kwa tipa la udongo mweusi kutoka mabondeni, na mabonde hayo ndiko mboga humwagiliwa mwaka mzima. Usinunue kwa kuangalia rangi. Nenda unakochimbwa na kiroba, chukua kutoka sehemu tano, tandaza kwenye beseni kina cha sentimita kumi, loweka, weka juani, weka unyevu siku 21. Ikitoka hata moja, mwambie dereva hapana. Mchanga wa makorongo nao hubeba viazi. Samadi yenyewe haina shida kubwa; shida ni pale ilipolundikwa kabla ya kuuzwa.

Miche ya maua: geuza kiriba, angalia matundu ya chini. Ncha nyeupe kali inayochungulia pale ni ndago. Kisichoonekana kitaonekana kwa kukiweka kiriba kwenye sakafu ya saruji, mbali na udongo, ukimwagilia wiki tatu kabla ya kupanda.

Kwenye peving, kutandika mchanga na vitofali juu ya ndago hai ni kuipa dari. Itapita kwenye viungo vyote. Kausha eneo kiangazi kimoja kwanza, au chimba sentimita 30 na kuutoa udongo wote. Mahali inaporudi tena na tena wakati pengine pote pamekauka, angalia bomba: mara nyingi kuna koki inayovuja, bomba la kiyoyozi linalodondoka, au maji ya shimo la choo yanayopenya.

Viazi vilivyolala vinaweza kukaa udongoni hadi miaka mitatu hivi. Mvua za Desemba zikianza, hesabu siku kumi, kisha tembea bustani asubuhi jua likiwa chini. Mng'ao wa majani yake huonekana vizuri wakati huo. Chomeka kijiti kila unapoiona. Vijiti vikiwa vichache kuliko vya mwaka jana, endelea na kisu. Vikiwa vingi zaidi, rudi ukatafute zamu uliyoruka au maji yaliyoendelea kumwagika.